Mama Mbegu na Jicho Lililopumzishwa Gizani

"Mwanangu, jicho likikaa gizani linapumzika au linafanya kazi?"

Niliulizwa swali hili miaka mitano iliyopita, saa sita mchana, kwenye benchi la mbao nje ya kliniki ya macho mjini Lushoto. Aliyeniuliza alikuwa amejifunika khanga uso mzima kama mtu anayepita kwenye moshi wa tanuri la matofali, na alikuwa amenishika mkono kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kubeba magunia. Sikujua jibu. Nilikuwa na shahada, nilikuwa nimeanza kuandika magazetini, nilikuwa na maoni juu ya kila kitu kuanzia bajeti ya serikali hadi namna ya kupika makande, lakini kuhusu kazi ya jicho gizani sikujua lolote. Hata hivyo nilijibu, na jibu lile limenikaa kooni tangu Jumanne iliyopita.

Jumanne asubuhi mama yangu alinipigia simu kutoka kijijini kwetu, Gare. Kwetu salamu haziruki. Nikisema shikamoo, mama ataniuliza nimeamkaje, nimekula nini, na kama huku Dar es Salaam kuna baridi, ingawa anajua fika kwamba hakuna. Safari hii aliitikia marahaba, hakuuliza lolote. Kisha akasema, "Mama Mbegu ametutoka." Aliswali alfajiri, akakaa kidogo kwenye mkeka, akamwambia mumewe kwamba kifua kinambana, akajilaza. Basi. Walikuwa wanamzika saa kumi jioni, na hata ningepata basi la kwanza nisingewahi. Nilifika kesho yake, udongo ukiwa bado mbichi. Watu walikaa uani kwake wakizungumza kwa sauti ndogo, na ghala lake likiwa wazi, kwa sababu siku ya msiba hakuna aliyekumbuka kulifunga.

Wasomaji wa safu hii hamkumjua, na mwenyewe asingependa jina lake liandikwe gazetini. Kwa hiyo nitamwita tulivyomwita sote, watoto na wakubwa. Alilima viazi mviringo, lakini si vya kula. Yeye alitunza mbegu. Watu walipanda milima kutoka vijiji vya mbali kufuata mbegu yake, kwa sababu mbegu ya Mama Mbegu ilikuwa haileti ugonjwa wa mnyauko shambani. Siri yake haikuwa dawa. Ilikuwa jicho. Alikuwa anashika kiazi kimoja kimoja, anakizungusha kwenye vidole, anakitazama kitakoni na kichwani, kisha anakitupa upande wa mbegu au upande wa sufuria. Kazi hiyo aliifanya mchana kutwa bila kuinua uso, akizungumza muda wote, na mara nyingi mtu aliyezungumziwa alikuwa ni wewe uliyekaa mbele yake.

Nilianza kubishana naye nikiwa kidato cha tatu. Ghala lake lilinikera. Lilikuwa na kuta za fito zilizoachana, paa la nyasi lililoshuka chini kama kofia iliyovutwa usoni, na ndani vichanja vya mianzi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na safu moja tu ya viazi. Mwanga uliingia, lakini jua halikuingia. Ukiwa ndani ungeweza kusoma gazeti, ila usingejua jua liko upande gani. Nikamwambia kwamba nimesoma shuleni kuwa viazi huhifadhiwa gizani. "Vya kula," akasema. "Hivi si vya kula." Nikamuuliza tofauti iko wapi, kiazi si ni kiazi? Mama mwingine angenifukuza. Yeye alinyanyuka, akachagua viazi vitatu vinavyofanana, akaniwekea mikononi. "Usiniamini. Kimoja weka sandukuni chini ya kitanda chako. Kimoja weka juu ya bati la jikoni. Hiki cha tatu tunakiacha hapa. Kisha uje uniambie mimi mwongo."

Nilirudi baada ya wiki kadhaa. Cha juu ya bati kilikuwa kimekunjamana na kuiva upande mmoja. Cha sandukuni kilinitisha kwa kweli: kilikuwa kimetoa chipukizi refu, jeupe, jembamba, limejipinda kutafuta upenyo, na nilipoligusa tu likakatika. Cha ghalani kilikuwa kimegeuka kijani na kutoa vichipukizi vifupi, vinene kama ncha za vidole vya mtoto, ambavyo hata ukivisukuma havitikisiki. "Umeona?" akasema. "Ukikinyima mwanga kinakimbia hovyo. Hakina nguvu, kina haraka tu." Akakichukua kile cha sandukuni, akakitupa upande wa sufuria, akanitazama. "Kama wewe." Huyo ndiye mtu aliyenifundisha kutokuamini kitu kabla ya kukijaribu. Walimu wa chuo walikuja baadaye, wakakuta kazi imeshafanyika.

Sukari ilimpata nikiwa chuoni. Aliichukulia kama mgeni asiyeondoka: hakumpenda, lakini alimpikia. Aliacha chai ya sukari, akapunguza bada, ule ugali wa muhogo, akameza vidonge vyake asubuhi na jioni, na kwenye kliniki ya zahanati hakukosa. Jambo moja tu hakulifanya, na wengi wenye sukari kijijini kwetu hawakulifanya: kupima macho. Macho hayakumuuma, kwa nini ayapeleke hospitali? Kisha mwaka ule wa benchi mteja mmoja alirudi na kikapu. Hakuwa na hasira, alikuwa na haya. Akamwonyesha viazi vitatu vyenye uozo kitakoni, vilivyopita kwenye vidole vyake na mbele ya macho yake. Mama Mbegu alivishika muda mrefu. Mama yangu, aliyekuwepo, anasema hajawahi kumwona akinyamaza vile. Siku hiyohiyo akakiri kwamba kuna nzi wadogo weusi wanaopita mbele ya jicho lake la kushoto, na akiwapunga hawaendi.

Nilikuwa likizo, basi mimi ndiye niliyempeleka Lushoto. Njiani alikuwa mchangamfu, akimkosoa dereva wa bodaboda kila kona. Kliniki walimwekea matone ya kupanua mboni, wakamkalisha mbele ya mashine, wakampiga picha ndani ya jicho kwa mwanga mkali, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Muuguzi wa macho alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alimweleza kwamba sukari imeharibu mishipa midogo nyuma ya macho yote mawili, kwamba la kushoto limeanza kuvuja damu, na kwamba anatakiwa hospitali kubwa ndani ya wiki mbili akachomwe kwa leza. Akaongeza kwamba akitoka nje mwanga utamuumiza, ila ni matone tu, yataisha ifikapo jioni. Yote haya aliyasema vizuri. Lakini ukimwambia mtu kwamba anaweza kupofuka, mengine unayoyasema baada ya hapo unaiambia meza.

Tukatoka nje. Mnajua jua la Lushoto la saa sita baada ya ukungu kufumuka, linavyopiga juu ya mabati yaliyolowa. Mama Mbegu aliguta kwa maumivu. Akajifunika khanga, akanishika mkono, nikamkalisha kwenye lile benchi. "Wamenichoma," akasema. "Niliingia naona, natoka sioni." Nikamwambia ni matone. "Na hiyo leza ni nini?" Nikamwambia ni mwanga. "Mwanga mkali?" Mkali sana. Akaivuta khanga zaidi usoni. Najua sasa alikuwa anakiona kile kiazi cha juu ya bati. Hapo ndipo alipouliza: jicho likikaa gizani linapumzika au linafanya kazi?

Ningeweza kusema sijui. Muuguzi alikuwa hatua kumi kutoka pale, mlangoni, akiita jina la mgonjwa mwingine. Badala yake nilicheka kidogo, cheko la mtu aliyesoma, nikasema, "Linapumzika, mama. Ndiyo maana tunafumba macho tukilala." Akaitikia kwa kichwa chini ya khanga. "Nilidhani hivyo," akasema.

Wiki iliyofuata nilirudi Dar es Salaam nikiamini kwamba mumewe atampeleka hospitali kubwa. Sikujua kwamba Mama Mbegu alikuwa na mpango wake, na kwamba mpango huo ulisimama juu ya jibu langu. Anayetunza mbegu anajua kwamba kiazi kikitoka shambani hakipandishwi kichanjani siku hiyohiyo. Kinalala kwanza. Kwetu hulazwa kwenye shimo fupi, kikafunikwa nyasi kavu, kikakaa gizani miezi miwili au mitatu mpaka kiamke chenyewe, na hapo ndipo kinapelekwa kwenye mwanga. Ukikilazimisha kabla hakijaamka, kinaoza. Mavuno ya msimu yalikuwa yametoka siku chache kabla ya safari yetu ya kliniki, mbegu ndiyo kwanza zimelazwa. Akaamua kwamba macho yake yamechoka kama kiazi kilichotoka shambani. Yapumzike gizani kwanza, mbegu zikiamka naye atakwenda kwenye huo mwanga mkali. Akajaza magunia madirishani, akaacha kuchagua mbegu, akakaa ndani na khanga imefungwa usoni mchana kutwa. Waliomwuliza aliwajibu kwamba msomi wao amesema jicho hupumzika gizani.

Nilirudi baada ya miezi miwili na nusu, siku mbili kabla ya Idd. Nilibisha hodi, nikasikia sauti ya mumewe, kisha kishindo, kisha sauti yake tena ikilaani kigoda. Alitoka akisugua ugoko. "Shikamoo baba," nikasema. "Marahaba. Karibu shimoni," akasema. "Nyumba imekuwa shimo la mbegu, na kiazi chenyewe ni mimi. Nimeshaanza kuota." Ndani, kitandani, alikaa Mama Mbegu, mnyoofu, khanga usoni, mikono imelala mapajani bila kazi. Mikono hiyo ndiyo iliyonishtua. Sikuwahi kuiona mitupu.

"Msomi wangu, umekuja," akasema. "Zimebaki wiki mbili, mbegu ziamke."

Sitaficha nilivyofanya. Nilikasirika. Nilitoa magunia madirishani, nikamhutubia kwa Kiswahili cha semina: kwamba jicho si kiazi, kwamba mwanga na giza havihusiani kabisa na ugonjwa wake, kwamba haya ni mawazo ya watu wasiosoma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua khanga, akajifunika jicho la kulia kwa kiganja, akanitazama kwa la kushoto, na uso wake haukubadilika. "Huku hata kivuli chako sikioni," akasema. "Kitu kilishuka asubuhi moja, wiki iliyopita, kama pazia la moshi. Nikasema ni usingizi wa jicho umekolea." Akarudisha khanga yake. "Sasa wewe ndiye uliyesema gizani linapumzika. Leo unasema giza halihusiani. Nikuamini wewe wa kliniki au wewe wa leo?"

Nilitoka, nikapanda bodaboda hadi Lushoto, nikamtafuta yule muuguzi, nikamweleza yote, pamoja na shimo, nyasi kavu na jibu langu. Hakucheka wala hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Anatunza mbegu ghalani kwa vichanja?" Nikasema ndiyo. "Nikimaliza zamu nitakuja," akasema. "Mama yangu pia alikuwa anatunza."

Alikuja jioni ileile, jua bado liko juu ya milima, amebeba kwenye mkoba kiazi kimoja alichokitoa kabatini kwake jikoni. Hakuzungumza Kiswahili. Alisalimia kwa Kishambaa, akakaa chini kwenye mkeka, akampa Mama Mbegu kile kiazi mkononi. Nayaandika maneno yao kwa Kiswahili, lakini mjue hayakusemwa kwa Kiswahili, na nadhani hiyo ilikuwa nusu ya dawa.

"Hiki kimekaa wapi?" akauliza muuguzi.

Mama Mbegu alikipapasa, akakutana na chipukizi refu. Akakunja uso kana kwamba amenusa kitu. "Gizani. Tena muda mrefu. Nani mzembe huyu?"

"Mimi. Kimefanya nini?"

"Kimekosa chakula chake cha mwanga, kimekimbia hovyo. Hili halifai. Likiguswa linakatika."

"Mama, nyuma ya macho yako kuna nyama nyembamba kuliko utando wa kitunguu. Sukari imeziba mishipa yake midogo, damu haifiki, hewa haifiki. Ile nyama ina njaa. Kwa njaa hiyo imeotesha mishipa mipya, mirefu, myembamba, imekimbia hovyo. Ikitikisika kidogo inakatika, inamwaga damu. Wale nzi wako walikuwa damu. Pazia la moshi ni damu. Ukisubiri iamke, haitaamka. Itazidi kuota."

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, ameacha hata kusugua ugoko. Mama Mbegu aliendelea kukizungusha kiazi kwenye vidole. "Na huo moto wenu?"

"Wewe kiazi kikitoa chipukizi baya unafanyaje?"

"Nalivunja."

"Ukilivunja kiazi kinakufa?"

"Hakifi. Nguvu inakwenda kwa yaliyobaki."

"Basi. Leza inachoma vidoa vidogo pembeni mwa ile nyama. Vile vinakufa, sikudanganyi. Lakini njaa inapungua, chakula kinatosha waliobaki, na ile mishipa mibaya inanywea. Hatukuchomi uone zaidi. Tunakuchoma ili kile unachokiona leo kwa jicho la kulia ubaki nacho. La kushoto sikuahidi."

Mama Mbegu alilivunja lile chipukizi kwa ukucha wa kidole gumba, akalidondosha mkekani. "Kwa nini hukuniambia hivi siku ile?" Muuguzi akasema, "Sikujua kama unatunza mbegu. Nawe hukuniuliza." Mama Mbegu akageuza uso upande niliposimama, akakaa hivyo kidogo, kisha akamwambia mumewe atafute nauli. Idd ile hakuila nyumbani. Alikuwa wodini, amechomwa awamu ya kwanza, na aliponisikia naingia alisema, "Ni kama radi ya vuli. Inapiga, unahesabu, inapiga tena. Nimehesabu mpaka nikachoka." La kushoto halikurudi. La kulia lilibaki.

Kwa jicho hilo moja alichagua mbegu miaka karibu mitano. Alikwenda polepole zaidi, alisogeza kichanja karibu na mlango, na magharibi ilipoanza kuingia aliacha kazi, kwa sababu baada ya leza gizani hakuona vizuri, akahitaji tochi hata kufika chooni. Hakuna kikapu kilichorudi tena. Lakini aliongeza sharti ambalo nadhani halijawahi kuwekwa na mwuza mbegu mwingine hapa Tanzania. Nilikuwa naye siku mchuma chai mmoja kutoka upande wa Mponde, mtu mnene mwenye utani, alipokuja kununua. Mama Mbegu alikuwa ameshasikia kwamba ana sukari.

"Kadi ya macho iko wapi?"

"Mama, nimefuata mbegu, sikuja kutibiwa."

"Umepima lini?"

"Naona vizuri. Nakuona ulivyonuna."

"Mimi pia nilikuwa naona. Mbegu yangu haipandwi na kipofu, atakanyaga matuta. Nenda Lushoto, wakuwekee matone, uje na kadi. Na uchukue kofia pana, na mtu wa kukushika mkono. Ukitoka pale jua litakupiga makofi, usiogope, jioni linakusamehe."

"Na gunia langu?"

"Litakusubiri. Lenyewe lina akili ya kusubiri. Macho hayana."

Yule bwana alilalamika mpaka barabarani, na baada ya wiki mbili alirudi na kadi. Wapo walioudhika wakaenda kununua kwingine, naye akawaacha waende. Lakini wengi walipima, kwa sababu walitaka ile mbegu, na muuguzi aliniambia kwamba watu walianza kufika kliniki wakijitambulisha kuwa wametumwa na ghala. Nimehudhuria mikutano mingi ya uhamasishaji yenye fulana na mabango. Sijaona uhamasishaji uliomzidi mwanamke aliyekataa kukuuzia viazi.

Sasa nirudi kwenye benchi. Miaka yote hii sikuwahi kumwomba radhi waziwazi. Tulitaniana, nikamletea miwani ya jua, akaivaa ghalani kwa kunifurahisha, akachagua nayo vibaya, akaivua. Msibani wiki iliyopita nilimfuata mumewe nyuma ya ghala, nikamwambia ninachowaambia ninyi: kwamba mimi ndiye niliyemweka gizani. Alinitazama kama mtu anayetafuta namna ya kumpa mtoto habari. "Alijua kwamba hujui," akasema. "Aliniambia usiku uleule mliporudi. Alisema, nimemwuliza mtoto kwa sababu nilimsikia muuguzi akiita mlangoni, na muuguzi angeniambia kweli." Kisha akaniambia nichukue kiazi kimoja kichanjani, kwa ukumbusho. Nikachukua. Kiko hapa dirishani, upande usiopigwa na jua.

Kwa hiyo tulikuwa wawili pale kwenye benchi. Mmoja aliogopa kujua, mwingine aliogopa kuonekana hajui, na baina yetu jicho la kushoto likapotea. Mimi ninayejigamba kuwa nahoji kila kitu, nilihoji viazi, nilihoji hospitali, nilihoji mawazo ya watu wasiosoma. Kitu kimoja sikukihoji: jibu lililotoka kinywani mwangu mwenyewe. Tangu wiki iliyopita nafanya zoezi dogo ambalo nawashauri na ninyi mliosoma, mnaoulizwa mambo na wazazi, shangazi na majirani kila mkirudi nyumbani. Mkiulizwa msilolijua, semeni sijui, kisha simameni, mumshike mkono aliyewauliza, mwende pamoja hatua zile kumi hadi mlangoni. Na kama wewe au mtu wako ana sukari, mpeleke akapimwe macho kwa matone kabla hajaona nzi hata mmoja, kisha ampeleke mwingine.

Nimebakiza deni moja, la swali lenyewe. Niliporudi kutoka msibani nilikaa chini nikasoma, kama nilivyopaswa kusoma miaka mitano iliyopita, kisha nikampigia yule muuguzi anisahihishe. Nimejifunza kwamba watafiti nao waliwahi kuuliza kama alivyouliza Mama Mbegu. Wakajaribu hata kuwalaza wagonjwa wa sukari na mwanga hafifu machoni, mwanga kama wa ghala lake, wakitumaini utawaokoa, na jaribio hilo halikuonyesha kwamba unaokoa. Basi sisemi kwamba giza ndilo lililomharibia jicho. Lililomharibia ni sukari, na miezi tuliyoipoteza. Lakini sababu iliyowafanya wajaribu ilinifanya nifunge kompyuta na kukichukua kile kiazi mkononi. Nyuma ya jicho kuna seli nyingi mno za kuonea gizani. Kwenye mwanga ndipo zinapopunguza kazi. Taa ikizimwa, macho yakifumbwa, khanga ikifungwa usoni, zinaamka zote kwa pamoja na kuvuta hewa ya damu, yaani oksijeni, kuliko wakati wowote wa mchana.

Gizani, Mama Mbegu, jicho linafanya kazi.